Kati ya Casino Royale, The Bourne Identity, Heat na John Wick, ni filamu ipi inayoshika bunduki kwa ukweli?

Mwelekezi wa Pangani:

Wapenzi wa filamu, hamjambo. Kikundi chetu kinajiandaa kutengeneza filamu fupi ya kijasusi hapa Nairobi, ambayo jasusi wake anaonekana kwanza akiwa karani. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea katika jengo moja la ofisi katikati ya jiji, na ndani yake mna mapambano mawili ya bastola. Hatuna uwezo wa kumlipa mkufunzi wa silaha, kwa hiyo waigizaji wetu watajifunza mengi kwa kutazama, na ndiyo sababu nataka tuchague kwa makini cha kuwaonyesha, maana mwigizaji huiga anachokiona pamoja na makosa yake.

Nimezileta filamu nne. Ya kwanza ni Casino Royale ya 2006, iliyo karibu zaidi na hadithi yetu. Ya pili ni The Bourne Identity ya 2002, nayo ya kijasusi. Ya tatu ni Heat ya 1995, iliyoelekezwa na Michael Mann, ambayo inahusu wezi wa benki na polisi wa Los Angeles, lakini kila mjadala wa bunduki katika filamu huishia kuitaja. Ya nne ni John Wick ya 2014, ambayo vijana wetu wameitazama hadi wameihifadhi.

Mimi naegemea Casino Royale. Tazameni inavyoanza, kwa picha nyeusi na nyeupe, pale mkuu wa kituo cha majasusi mjini Prague anapomwelekezea Bond bastola, anavuta traiga na hakuna kinachotokea, kwa sababu Bond amekwisha kuitoa magazini, yaani kasha la risasi, kabla mwenyewe hajaingia ofisini. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya jasusi: silaha ya adui inashindwa kabla haijainuliwa. Zaidi ya hayo, filamu hii ya dakika 144 haina haraka ya kufyatua risasi, na muda mrefu inakaa kwenye meza ya karata. Je, tunaweza kuifanya darasa letu, au kuna inayoizidi?

Mstaafu wa Lang'ata:

Mwelekezi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kurekodi. Nilivaa sare kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu, na filamu za kijasusi nimezipenda tangu ujana, kwa hiyo nitasema kwa mapenzi lakini bila kuficha.

Onyesho hilo la Prague ni zuri kama hadithi, ila kwa mtu aliyebeba bastola miaka mingi lina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni uzito. Risasi moja ya milimita 9 ina takriban gramu 12, hivyo magazini yenye risasi 15, ukijumlisha na bati lake, hukaribia robo kilo, ilhali bastola nyingi za siku hizi zikiwa tupu hazifiki kilo moja. Mkono uliozoea silaha yake hulitambua pengo hilo mara tu unapoiinua, na mkuu wa kituo cha majasusi hawezi kuwa mgeni wa bastola yake mwenyewe. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kutoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu, kwa sababu risasi moja inaweza kuwa imekwisha kuingia kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, na isipokuwa bastola ni ya zile zinazojifunga zinapokosa magazini, risasi hiyo itatoka traiga ikivutwa. Bond alipaswa kuirudisha nyuma slaidi, yaani kile chuma cha juu, na kuiondoa risasi hiyo pia. Huenda alifanya hivyo bila sisi kuonyeshwa. Hata hivyo, waigizaji wako wasiondoke na imani kwamba magazini ikitoka hatari imekwisha, kwa sababu imani hiyo imeua watu wa kweli, tena nyumbani mwao.

Baadaye, katika ubalozi, Bond anaupiga risasi mtungi wa gesi, unalipuka, naye anapata njia ya kutokea. Risasi ya kawaida ya bastola ikiutoboa mtungi, gesi itavuja kwa nguvu, lakini risasi yenyewe haibebi moto wa kuiwasha. The Bourne Identity ina kosa lilo hilo katika onyesho la shambani, nami nalisamehe kwa ajili ya kinachofuata, ambacho naomba kikundi chako kikitazame kipande kwa kipande.

Bourne ana bunduki ya kuwindia aliyoikuta katika nyumba ya shamba. Adui yake amejificha mbali akiwa na bunduki ya masafa marefu yenye darubini. Bunduki ya Bourne inarusha marisaa, ambayo yakivuka mita hamsini hivi yametawanyika na kupoteza nguvu, ilhali ile ya adui inaua kutoka mamia ya mita. Mwelekezi asiyejua silaha angewafanya wafyatuliane risasi kila mmoja akiwa mahali pake. Hapa Bourne anajua kwamba akibaki alipo amekwisha, kwa hiyo anaingia kwenye nyasi ndefu, anafyatua hewani ili kundi la ndege liruke na kumvuruga mlengaji, kisha anakimbia kuupunguza umbali hadi bunduki yake iweze kufanya kazi. Mapigano yote yamejengwa juu ya kile ambacho silaha ya kila mmoja inaweza na haiwezi, na sijaona filamu nyingi za kijasusi zenye subira ya namna hiyo.

Kabla hamjafika huko, anzeni na kidole. Ukipita mbele ya benki katika Barabara ya Moi, mtazame polisi aliyesimama na G3 yake. Ikiwa amefundishwa vizuri, kidole chake cha shahada kimenyooka kando ya chuma, nje ya traiga, na mtutu unaelekea chini. Kanuni za usalama zinazofundishwa leo karibu kila mahali, ambazo alizieneza Jeff Cooper, Mmarekani aliyewahi kuwa afisa wa Marine, zinataka kidole kikae nje ya traiga mpaka macho yawe yamekwisha kulenga. Katika filamu za miaka ya 1960 karibu kila jasusi anatembea na kidole ndani. Waigizaji wako wakilipata hilo moja tu, nusu ya kazi imefanyika.

Kaka wa Kayole:

Mzee wangu, heshima kwako. Naomba kuitetea John Wick, kwa sababu naona inaelekea kuachwa kando.

Sisi tuliokulia mitaa ya mashariki ya jiji tulizitazama picha za mapigano katika vibanda vya video, nyingi zikiwa na maelezo ya DJ Afro juu yake, na kanuni tuliyoijua ilikuwa moja: stering, yaani mhusika mkuu, hafi na risasi zake haziishi. Tulimpenda stering wa namna hiyo na bado tunampenda. Lakini nilipoitazama John Wick nilinyamaza, kwa sababu nilimwona stering akiishiwa na risasi katikati ya pambano, na kuishiwa huko kukawa tatizo ambalo ni lazima alitatue kabla mtu mwingine hajamfikia. Bastola yake kuu, Heckler & Koch P30L, hubeba risasi 15 katika magazini, na katika pambano la klabu ya usiku anabadilisha magazini mbele ya kamera, kwa mikono yake, bila picha kukatwa. Ukishaona hivyo huwezi tena kuvumilia filamu ambayo mtu anafyatua dakika tatu kwa magazini moja.

Jambo la pili ni mahali. Wakati mwingine Keanu Reeves, anayemwigiza John Wick, anaishika bastola karibu na kifua, imelala kidogo upande. Mtindo huo unaitwa Center Axis Relock, uliobuniwa na Paul Castle kwa ajili ya mapambano ya karibu sana, kama vile ndani ya gari au kwenye korido, ambako mikono ikinyooshwa mbele adui anaweza kuikamata silaha. Hadithi ya Mwelekezi imo ndani ya ofisi zenye milango na korido. Kuna filamu gani inayofundisha korido kuliko hiyo?

Halafu kuna kamera. Chad Stahelski na David Leitch, walioitengeneza, walitoka katika kazi ya kuigiza matukio ya hatari, kwa hiyo wanaiweka kamera mahali ambapo mwili mzima wa mwigizaji unaonekana. Filamu za Bourne zilizofuata, hasa kuanzia ile ya 2004, zinaitikisa kamera na kuikata picha mara nyingi hivi kwamba hata mwigizaji asiyejua kitu anaonekana anajua. Kwa anayetaka kujifunza, kilichofichwa hakimfundishi.

Mstaafu wa Lang'ata:

Mwanangu, hoja yako ya kamera naikubali yote, na ya korido pia naikubali. Nitaongeza tu kwamba kuhesabu risasi ni jambo la zamani katika filamu za kijasusi. Katika Dr. No ya 1962, Sean Connery, akiwa Bond, anamwacha adui yake Profesa Dent amalize risasi zake, kisha anamweleza kwamba bastola ile ni Smith & Wesson na sita zake zimekwisha. Bastola iliyo mkononi mwa Dent kwa hakika ni Colt M1911, ambayo magazini yake ya kawaida hubeba saba. Jina limekosewa na idadi imekosewa, lakini wazo ni la kweli: mtu aliyefundishwa huhesabu risasi za mwenzake kama anavyohesabu zake.

Hesabu hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Bunduki aina ya AK hufyatua kwa kasi ya risasi zipatazo 600 kwa dakika, na magazini yake ya kawaida ina 30, maana yake mtu akikishikilia kidole imekwisha kwa sekunde tatu. Bastola zisizo na kasi hiyo nazo huisha mapema mkononi mwa mwenye hofu. Wekeni kengele ya sekunde tatu mnapofanya mazoezi, mtaona jinsi muda huo ulivyo mfupi na jinsi kimya kinachofuata kinavyotisha.

Wasiwasi wangu na John Wick ni mwingine. Huyo ni muuaji anayejulikana na kila mtu, na anaingia mahali akiwa amekuja kupigana. Jasusi wenu je? Jasusi akifika hatua ya kuitoa bastola, kazi yake imekwisha kuharibika, kwa hiyo mwili wake unapaswa kuonyesha mtu ambaye hakutaka kufika hapo. Ukimpa mwendo wa John Wick, watazamaji hawatamwamini alipokuwa karani katika onyesho la kwanza.

Kama nafasi ya tano ipo, naomba muiongeze Collateral ya 2004, ya mwelekezi yuleyule wa Heat. Kuna kichochoro ambamo vijana wawili wamemwibia Tom Cruise mkoba wake, mmoja amemwelekezea bastola kwa karibu. Cruise anausukuma mkono wenye bastola kando kwa mkono wa kushoto, anaitoa yake na kufyatua ikiwa bado kiunoni, kisha anainyoosha kwa ajili ya yule wa pili aliyesimama mbali kidogo. Yote yanachukua sekunde chache sana. Tazameni kwamba haiinyooshi bastola kwa mtu aliye karibu, kwa sababu angeweza kunyang'anywa, na anainyoosha kwa aliye mbali, kwa sababu huko kunahitaji kulenga. Hilo ndilo alilokuwa akilisema kijana wangu kuhusu korido, ila hapa limefanywa na mtu aliyevaa suti ambaye sekunde moja kabla alionekana msafiri wa kawaida.

Msikivu wa Umoja:

Nimewasoma wote kwa furaha, na sasa naomba tusikilize, maana hadi hapa tumekuwa tukitazama tu. Mimi ni mhariri wa sauti, na kwangu Heat inazizidi zote.

Katika pambano la barabarani baada ya wizi wa benki, Michael Mann aliamua kutumia sauti iliyorekodiwa palepale katikati ya Los Angeles, risasi baridi, yaani zenye baruti bila kichwa, zikifyatuliwa kati ya majengo marefu, badala ya kubandika milio ya maktaba ndani ya studio. Vaeni vifaa vya masikioni mlisikilize mkiwa mmefumba macho. Mlio hauji mmoja. Unakuja mkavu kutoka kwenye mtutu, halafu unagonga ukuta wa jengo la kulia, halafu unarudi kutoka upande wa pili wa barabara ukiwa mzito zaidi, na kabla haujafa mwingine umekwisha kuupanda mgongoni. Ukisikiliza hivyo unajua ukubwa wa barabara bila kuiona. Waigizaji walifundishwa na Andy McNab na Mick Gould, Waingereza waliotoka katika jeshi, na mafunzo hayo yanasikika pia: milio inakuja kwa mafungu mafupi, kinakuwepo kimya cha kubadilisha magazini, na mmoja anapobadilisha mwenzake ndiye anayefyatua. Namna Val Kilmer anavyobadilisha magazini katika pambano hilo imekuwa mfano unaotajwa na mashabiki hadi leo.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa filamu za kijasusi, ambao ni kiwambo cha sauti. Kila jasusi anafunga kiwambo kwenye bastola, na mlio unakuwa mdogo kuliko wa mtu anayefungua soda, hata aliyelala chumba cha pili haamki. Bastola ya milimita 9 bila kiwambo hutoa mlio wa desibeli 160 hivi, na kiwambo kizuri huushusha hadi karibu 130. Upungufu huo ni mkubwa na unayaokoa masikio, kwa sababu sauti ya ghafla inayopita desibeli 140 huhesabiwa kuwa ya kuumiza, lakini 130 si kimya hata kidogo. Aidha, risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, hutoa mlio wake yenyewe hewani, na kiwambo hakiwezi kuuzuia. Kifaa hiki kilipewa hataza Marekani mwaka 1909, mali ya Hiram Percy Maxim, kwa hiyo watengenezaji wa filamu wamekuwa na zaidi ya miaka mia moja ya kuuliza kinavyolia.

Bastola ya kijasusi iliyokuwa na utulivu wa kweli iliwahi kuwepo. Uingereza iliitengeneza Welrod wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya watu wake waliofanya kazi kwa siri katika nchi zilizokaliwa na Wajerumani. Sehemu ya siri ya utulivu wake ni kwamba haikujiingizia risasi yenyewe: baada ya kila mlio, mwenye nayo alilazimika kuzungusha kifundo cha nyuma kwa mkono, akakivuta na kukirudisha, ndipo risasi ya pili iingie. Kwa hiyo hapakuwa na slaidi ya kugonga kila inapofyatuliwa, na hapakuwa na nafasi ya kukosa. Mwelekezi, fikiria onyesho ambalo jasusi wako ana risasi moja tu ya uhakika, na mikono inatetemeka anapoitafuta ya pili. Hilo lina uzito kuliko milio ishirini isiyosikika.

Jambo dogo la mwisho kwa upande wangu. Msiongeze mlio wa kukoki, yaani wa kuvuta slaidi nyuma na kuiachia, kila bastola inapoinuliwa. Bastola yenye risasi kwenye chemba ukiikoki tena, risasi nzima inarukia sakafuni, na anayeelewa ataitafuta kwa macho hadi filamu iishe.

Binti wa Eastleigh:

Ndugu zangu, mmesema mengi ya maana kuhusu ufundi, lakini naona hakuna aliyeuliza bunduki ile imo mkononi mwa nani. Mimi nadhani swali la ukweli linaanzia hapo.

Mwelekezi ana mapambano mawili. Nina hakika wanaoshika bastola humo hawakufundishwa mahali pamoja, na pengine mmoja hakufundishwa kabisa. Wote wakishika vizuri, filamu itakuwa ya uongo hata kama kila kidole kiko mahali pake. Itazameni Nairobi Half Life ya 2012, ya David Gitonga, iliyopelekwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Vijana wale wanaoingia katika wizi wa magari hawana mafunzo ya mtu yeyote, na silaha mikononi mwao ina woga na majivuno kwa pamoja. Mpeni kijana wa namna hiyo mshiko wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, na mtakuwa mmemfuta. Kwa hiyo orodha ya Mwelekezi ina pengo: filamu zote nne zinaonyesha mabingwa, na hadithi yake sidhani ina mabingwa watupu.

Kuhusu Casino Royale, nasimama na Mwelekezi, ila kwa sababu nyingine. Baada ya Bond kumnyonga adui kwenye ngazi za hoteli, filamu haikimbilii kwenye furaha ya ushindi. Inamfuata chumbani, ikamwonyesha akiosha damu mbele ya kioo, shati limeharibika, halafu inampeleka kwa Vesper, mwenzake wa kike, ambaye ameketi chini ya maji ya bafu na nguo zake zote, akitetemeka. Hapigwi risasi mtu katika dakika hizo, lakini hakuna mtazamaji anayetoka hapo akidhani kuua ni mchezo wa mikono. Heat nayo inafanya hivyo kwa njia yake, kwa sababu watu wa barabarani wanaonekana wakianguka na kukimbia, magari yanatobolewa yakiwa na wenyewe ndani. Katika John Wick nawaona maadui wengi wakianguka, na simkumbuki hata mmoja kwa sura yake. Kaka, usikasirike, naipenda pia.

Mtaa wangu uliwahi kutiwa katika filamu ya kijasusi, Eye in the Sky ya 2015, ingawa picha zenyewe zilichukuliwa Afrika Kusini. Silaha kuu humo ni kombora la ndege isiyo na rubani, na karibu filamu nzima ni watu wakisubiri ruhusa ya kulifyatua. Nilivutiwa sana na kwamba yule anayebonyeza kitufe ana uso, na ana machozi.

Kaka wa Kayole:

Dada, sijakasirika. Hoja ya mshiko wa asiyefundishwa imenipiga kabisa, na sasa naona kwamba yule kijana wa kichochoroni katika Collateral anakufa kwa sababu hiyo: anaisogeza bastola karibu na mtu kana kwamba kuisogeza ndiko kunakotisha. Mzee ametuonyesha mkono wa Cruise, nami naomba waigizaji wauangalie na mkono wa yule kijana, kwa sababu wote wawili wameigiza kwa ukweli.

Wakili wa Ngara:

Naomba niingie kwa ufupi. Kabla hamjashuka mjini na bastola za kuigizia, pateni leseni ya kurekodi kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na mumpelekee mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo barua yenye tarehe, saa, jina la jengo na idadi ya silaha bandia. Mwambieni bawabu wa jengo, waambieni na majirani. Mtu aliye kwenye ghorofa ya pili akimwona kijana mwenye bastola kwenye korido hataiona kamera kwanza, na polisi atakayeitwa hatakuja na risasi baridi.

Pia naomba msitumie silaha ya kweli wala risasi baridi kwa sababu yoyote. Brandon Lee alikufa mwaka 1993 akiigiza, kwa sababu kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kukagua, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma nje. Tarehe 21 Oktoba 2021, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa katika matayarisho ya filamu ya Rust huko New Mexico kwa risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bastola iliyotangazwa kuwa salama. Wale walikuwa na wasimamizi wa silaha waliolipwa, ninyi hamna hata mmoja.

Mwelekezi wa Pangani:

Wakili, nakuhakikishia kwamba hapatakuwa na silaha ya kweli. Fundi wetu wa mbao ametuchongea bastola kwa kufuata picha za Ceska, kwa kuwa ndiyo ambayo jasusi wa Nairobi angeweza kuibeba bila kuuliziwa, na mwangaza wa mtutu tutautia kwa kompyuta. Barua ya polisi nitaiandika wiki hii.

Nimebadilisha mpango kutokana na mliyosema. Jumamosi kikundi kitatazama vipande, hatutazami filamu nzima. Tutaanza na shamba la The Bourne Identity, kisha kichochoro cha Collateral mara mbili, mara ya kwanza tukimfuata Cruise na mara ya pili yule kijana. Heat tutaisikiliza taa zikiwa zimezimwa. John Wick nitampa mwigizaji mmoja tu, anayeigiza mlinzi wa mfanyabiashara, kwa sababu yeye ndiye mwenye mafunzo na ndiye anayekutana na adui koridoni. Casino Royale itabaki kwa ajili ya ngazi na bafu, na mwigizaji wetu wa kike tayari ameomba kuitazama peke yake. Kwenye Nairobi Half Life tutamtafutia karani wetu mikono yake.

Nina swali moja lililobaki kwa Mzee. Bastola za mbao ni nyepesi sana, na mazoezini naona waigizaji wanazipeperusha. Tufanye nini?

Mstaafu wa Lang'ata:

Mwambie fundi atoboe kitako na sehemu ya chini ya mtutu, ajaze vipande vya chuma au madini ya risasi yanayofungwa kwenye mishipi ya kuvulia samaki, kisha azibe kwa mbao na rangi. Lengeni kilo moja, ambayo ni karibu na uzito wa Ceska CZ 75 isiyo na magazini. Uzito wa kitako na wa mbele usipishane sana, la sivyo mkono utainama mahali ambapo hauinami. Mkishapata uzito, bastola itaacha kupeperuka yenyewe, na baada ya nusu saa ya mazoezi mabega yataanza kushuka kwa uchovu. Rekodini maonyesho ya mlinzi mapema, mabega yakiwa bado na nguvu, na ya karani baadaye yakiwa yamechoka.

Kwa kuwa hakuna baruti, hakutakuwa na teke la bunduki, na hapo ndipo kompyuta huwaumbua wengi: mwanga unatoka kwenye mtutu na mkono umetulia kama umeshika kalamu. Teke la bastola huanzia kwenye kiganja, likapandisha kifundo cha mkono, likafika kwenye kiwiko, na mtu aliyefundishwa huirudisha bastola mahali pake kabla ya kufyatua tena. Asiyefundishwa hufumba macho kabla ya mlio na bastola yake hubaki juu. Mwelekezi asimame nyuma ya mwigizaji na kuupiga mkono wake kwa kiganja kutoka chini kila anapovuta traiga, mazoezi yote, mpaka mwili uanze kulitarajia teke hilo wenyewe. Kisha msikivu wetu atafute mlio unaolingana na upana wa korido yenu, na kama jengo litawaruhusu, apige makofi mle ndani na kurekodi jinsi kuta zinavyoyarudisha.

Msikivu wa Umoja:

Nitakuja mwenyewe, Mwelekezi. Nitumie siku na jengo, na muombe wazime lifti na viyoyozi kwa dakika kumi.